Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Tumpale

"Mgeni apewaye nyumba yote hulala nje pamoja na mwenyeji." Mmenisikia nikiisema, mkauliza imetoka wapi. Ilizaliwa hapa hapa Tukuyu, shuleni, asubuhi ya mtihani.

Mwalimu Tumpale ndiye aliyetunza mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Programu ya mashine ile iliikubali Windows peke yake, na kompyuta ya shule ilitumia Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Basi Tumpale akaiweka Windows ndani ya Linux, kompyuta ndani ya kompyuta. Linux akamwita mwenyeji, Windows mgeni.

Mtihani wa hesabu wa wilaya uliletwa saa moja, uanze saa tatu. Asiyeufanya siku hiyo angepata sifuri. Wanafunzi kumi na wanne wasioona walikuwa wamekwisha kukaa, mikono juu ya meza.

Lakini mgeni alijikokota. Nusu saa, kurasa tatu. Tumpale akamzima mgeni, akamwongezea kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi, apate nguvu, akamwasha tena. Kioo kikaganda. Akangoja, akabonyeza, akangoja. Ikafika saa mbili na nusu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Sekela, naye haoni. Aliingia akiufuata ukuta kwa kiganja.

"Mbona mashine imenyamaza, mwanangu?"

"Imekwama, mama. Nimemwongezea mgeni kumbukumbu, lakini hasogei."

"Kompyuta nzima ina kiasi gani?"

"Gigabaiti nane."

"Na mgeni umempa ngapi?"

"Saba na nusu."

"Sasa mwenyeji aishi kwa nini?"

Tumpale akaikatia kompyuta umeme, moyo ukimwambia kwamba faili la mtihani limepotea. Ilipowaka, alilitafuta. Lilikuwapo. Akamgawia mgeni nne, akamwachia mwenyeji nne.

Mashine ikaanza kugonga karatasi. Sekela akaushika ukurasa, akaupitishia vidole polepole.

"Swali la nne, hesabu za sehemu," akasema. "Nukta zinasomeka. Endelea."

Watoto walianza saa tatu na dakika ishirini, wakaongezewa dakika zao. Walimu walipouliza kilichowachelewesha, Sekela hakumtaja Tumpale. Aliwajibu tu: "Mgeni apewaye nyumba yote hulala nje pamoja na mwenyeji."