Dawa ya Mbwa wa Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, zamani zile ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walikuwa na nyumba, jiko, uzio na majirani wa kuwasengenya. Waliojiweza walifuga mbwa. Msiniulize kwa nini mbwa naye hakuwa na nyumba yake. Mimi nilipouliza niliambiwa nimenye muhogo. Ndivyo tulivyosimuliwa, tukimenya muhogo, moshi wa jiko ukitutoa machozi, na mpaka leo nautamani moshi ule.

Basi Mzee Nyati alikuwa na mbwa aitwaye Watasema. Alimpa jina hilo kuwajibu majirani waliodai hana uwezo wa kulisha mbwa. Watasema alipokuwa mdogo alikuwa furaha ya nyumba nzima. Nyati akirudi kutoka shambani, mbwa humsikia akiwa bado kwenye kona, akatoka mbio, pukupuku, pukupuku, akajigaragaza miguuni pake. Nyati naye alicheka mpaka pembe zinatikisika.

Siku hizo zilipita. Watasema alikua, akaanza kubwekea kila kitu: wageni, kuku, hata nguo zilizoanikwa. Akiitwa haji. Nyati akaona kinachotakiwa ni bakora, na kila bakora ilipoongezeka mbwa naye alizidi. Mwisho akamng'ata mkwe, tena mkwe mwenyewe amekuja na zawadi mkononi. Hapo mambo yakaharibika.

Jirani yao Fisi alikuwa na kazi ya kunyoosha mbwa wakorofi. Ukutani alikuwa na mjeledi, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda. Mbwa wengi waliingia katika banda lile. Waliotoka hakuna aliyewahi kuwaona, na Fisi mwenyewe alikuwa akinenepa tu.

"Bwana Nyati, huyo niachie mimi," Fisi akasema. "Siku ya gulio nitakuja na kamba."

"Njoo," Nyati akajibu, akageuka upande ili asionekane uso. Alikuwa bado anampenda mbwa wake, lakini hakujua tena ampende vipi.

Mama Nyati ndiye aliyekwenda kumwita Nguchiro. Huyu Nguchiro alikuwa mnyama mdogo tu, unaweza kumficha kwenye pakacha. Ukoo wao ulikuwa wa mafundi wa mbwa, mama na mabinti, wakienda nyumba kwa nyumba. Hawakubeba fimbo. Walibeba dagaa kwenye pindo la kanga, na subira.

"Hodi hapa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nilidhani fundi amemtuma mwanawe."

"Ndiye mimi, mzee. Nionyeshe ugonjwa."

Nyati akavuta pumzi. "Watasema! Njoo hapa!" Kuku wote wakaruka.

Mbwa akatoka chini ya ghala, tumbo likiburuzika, mkia ameufyata. Alikuja hivyo hivyo, taratibu, mpaka akafika. Alipofika tu, paa! Bakora ya mgongo.

"Hiyo ya kuchelewa," Nyati akamwambia Nguchiro. "Umeuona ukaidi wake?"

Nguchiro aliona. Aliona mbwa ameitwa, akaja, akapigwa kwa kuja. Hata mimi nisingekuja. Lakini hebu mwambie mzee mwenye pembe, uani kwake, mbele ya mkewe, kwamba mgonjwa ni yeye, uone kama utatoka na mbavu zako zote. Nguchiro akatikisa kichwa, kama mtaalamu aliyesikitika.

"Huu ugonjwa naujua, mzee. Dawa ipo, ila ni kali na ina wivu. Sharti likivunjwa, inakufa hapo hapo."

Nyati akatega masikio. Wanyama wa zamani walikuwa kama watu wa leo, dawa isiyo na masharti hawakuiamini. "Taja masharti," akasema.

Nguchiro akatoka, akarudi na kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kamba. "Hiki utakivaa shingoni. Kikiwa shingoni, hupazi sauti. Bakora huigusi. Ukimwita mbwa, unachutama kwanza, halafu unamwita kwa sauti ile unayomwitia mama hapa mkiwa peke yenu."

Mama Nyati akaangalia pembeni.

"Nichutame? Mimi?"

"Dawa yenyewe haipandi juu, mzee. Mbwa akipiga hata hatua moja kuja kwako, mpe dagaa papo hapo. Ukichelewa, dawa imelala. Na akimwogopa mgeni, usimburute. Mweke mbali, mahali anapoweza kutulia, umpe dagaa hapo. Kesho msogeze kidogo."

"Masharti ya ajabu haya," Nyati akanung'unika. Lakini ajabu ndiyo iliyomfanya ayaamini.

Nyie mnacheka, na sisi tulicheka. Mzee Nyati, mwili kama kichuguu, akichutama uani, magoti yakilia ko, ko, dagaa amemshika kwa ncha za kwato. "Watasema, njoo basi." Mbwa alimtazama kwa muda mrefu kama anayemtazama mgeni. Akapiga hatua moja. Akapewa dagaa. Akakimbia. Kesho yake akapiga hatua nyingine zaidi.

Fisi alipoona hivyo hakufurahi. Akapita makusudi juu ya tuta la mchicha wa Nyati, akalikanyaga lote. Nyati akafungua mdomo angurume, akakumbuka kibuyu, akaufunga. Hasira zikamtokea puani, fyuuu. Watasema akamwangalia, akakaa.

Na jioni moja, Nyati anarudi kutoka shambani amechoka, yuko kwenye kona, akasikia pukupuku, pukupuku. Alisimama njiani. Zamani yake ilikuwa inamjia mbio. Alilia, wajukuu zangu, halafu akajifanya amepaliwa na vumbi.

Siku ya gulio ikafika, na Fisi akafika na kamba yake. Akamkuta Watasema amelala karibu na miguu ya bwana wake. Mbwa alimwona, masikio yakasimama, lakini hakubweka.

"Amepona," Nyati akasema kwa majivuno. "Dawa ya Nguchiro."

"Dawa?" Fisi akacheka kile kicheko chake. "Nilimwona kwa macho yangu akikijaza kibuyu mtoni. Onja, kama mimi mwongo."

Nyati akakifungua kibuyu, akaonja. Yalikuwa maji.

"Nimechutama uani kwangu kwa ajili ya maji!" Sauti ile ikatikisa sufuria jikoni. Akanyakua bakora. Nguchiro, aliyekuwa amekuja kumwangalia mgonjwa wake, akaruka juu ya uzio. Watasema, vup, chini ya ghala.

Fisi akakunjua kamba polepole. "Si unaona? Hajapona. Nitamtoa mimi mwenyewe."

"Ngoja," Nyati akasema.

Alitazama chini ya ghala. Macho mawili yalikuwa yanamtazama yeye, si Fisi. Kibuyu kilikuwa kile kile, maji yale yale ya jana, na jana mbwa alilala miguuni pake. Kilichobadilika uani pale kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimeshika bakora.

"Nguchiro, ulinidanganya."

"Nilikudanganya, mzee," Nguchiro akajibu kutoka juu ya uzio. "Ningekwambia kweli, ungenisikiliza?"

Nyati akafikiri. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. "Ningekupiga."

"Ndiyo maana, mzee."

Nyati akavua kibuyu, akaitupa bakora nje ya uzio. Akachutama, magoti ko, ko, hana dawa wala dagaa, Fisi amesimama pale pale anatazama. Ilimuuma aibu ile. Akachutama hivyo hivyo.

"Watasema," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo, baba."

Mbwa hakuja. Fisi akakohoa, Nyati hakugeuka. Kivuli cha ghala kikasogea, miguu ikamfa ganzi, na bado alikuwa pale. Mwisho pua ikatokeza. Ukatoka mguu mmoja, ukarudi, ukatoka tena. Watasema akaja akiwa na woga wake wote, akafika, akaweka kidevu juu ya goti la mzee. Hakupigwa.

"Jirani," Nyati akasema bila kunyanyuka, "rudi na kamba yako. Na banda lako nitakuja kulitazama ndani."

Fisi alihama kabla banda halijatazamwa. Hadithi yangu nimeifikisha kwenu, kaeni nayo: ukitaka unayemlea aje unapomwita, akija asiumie.