Aliyekuwa Penye Mtungi

Inasimuliwa, nami nimekipokea kisa hiki kwa mama aliyenisomesha, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Yemen palikuwa na chuo cha wasichana, na mwalimu wake ni Bibi Atika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina la mji wasimulizi wamehitilafiana, wala halitatuzidishia kitu. Kaeni vizuri. Na nyinyi mnaojibanza kule nyuma sogeeni mbele, maana kisa hiki ni chenu zaidi.

Chuoni hapo walisoma wasichana wawili waliokaa mkeka mmoja. Mmoja ni Lubaba, binti wa muuza nafaka. Wa pili ni Rumaisa, ambaye baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Kazi ya ngozi ni halali na ina heshima yake, lakini ina harufu, na harufu ile humfuata mtu mpaka kwenye nguo za watoto wake. Rumaisa aliingia nayo chuoni kila asubuhi. Wenziwe wakaziba pua, wakavuta mikeka yao mbali, wakaacha kumwita jina lake wakawa wanamwita Ngozi. Aliyewaongoza ni Jawhara, binti wa liwali, na binti wa liwali akicheka, nani atanuna?

Lubaba hakucheka. Nataka mlijue hilo mapema msije mkamdhulumu. Alimpenda Rumaisa. Alikuwa akimngoja kila asubuhi kwenye kona ya msikiti, na njiani wakisomeana aya zao, huyu akikosea, huyu anamsahihisha. Sauti ya Rumaisa ilikuwa nyembamba na tulivu, na Lubaba alisema ukubwani kwamba hakupata kusikia nyingine iliyompoza moyo namna ile. Lakini wakishavuka kizingiti cha chuo, alikuwa kama hamjui.

Sasa, chuoni palikuwa na desturi. Mwanafunzi aliandikiwa somo lake kwa wino juu ya ubao, na haukuoshwa ubao ule mpaka mwenyewe ahifadhi somo na mwalimu amsikilize. Kuuosha kabla ya hapo Bibi Atika alikuhesabu kuwa ni kuyadharau maneno ya Mola, na kwake halikuwapo kosa kubwa kuliko hilo.

Siku moja Rumaisa alikwenda kutawadha, akauacha ubao wake penye mtungi wa maji, ambapo Lubaba alikuwa akichota ya kunywa. Jawhara akaja, akachota kata moja, akaumwagia ubao ule mpaka wino wote ukatoka. Aliyafanya hayo bila haraka, huku akimtazama Lubaba machoni. Hapakuwa na mtu mwingine.

Bibi Atika akauona ubao umelowa na mtupu.

"Rumaisa, umehifadhi?"

"Bado, Bibi."

"Basi nani ameuosha?"

"Sijui, Bibi. Nimeukuta hivi."

Jawhara akasema kwa sauti ya upole kwamba aliyezoea kuosha ngozi huosha chochote kilicho mbele yake, na chuo kizima kikaangua kicheko. Bibi Atika hakucheka. Alikuwa mwadilifu, na hakupenda kuhukumu bila ya shahidi. Akasema, "Nani alikuwa penye mtungi? Aliyeona aseme, nami nitamlinda."

Mmesikia? Alimpa shahidi na amani kabisa. Rumaisa akageuka akamtazama Lubaba. Lubaba akainamia ubao wake, akajifanya anasoma. Alimwogopa liwali kwa ajili ya baba yake aliyekuwa na duka sokoni, na zaidi ya hayo aliziogopa zile pua ambazo kesho zingezibwa kwa ajili yake yeye. Bibi Atika akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu. Kisha, kwa huzuni kubwa, akamwambia Rumaisa akae mlangoni, na kwamba hataandikiwa somo jipya mpaka akiri kosa lake.

Rumaisa hakumtaja mtu. Alikaa mlangoni mpaka wenziwe wakatoka, akaenda zake, na kesho yake hakuja.

Lubaba akajiambia, akirudi nitasema mbele yake. Wiki ikapita. Akaenda hadi kwao akakuta mlango umefungwa, na majirani wakamwambia mtengeneza ngozi amehama na watu wake, hawajui alikoelekea. Mwaka uleule Bibi Atika naye akafariki, na alifariki akiamini kuwa Rumaisa aliyadharau maneno ya Mola wake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lubaba akakua, akawa mwanachuoni, akakirithi chuo kile, na wanawake wakawa wanamjia kutoka miji ya mbali. Kadhi alimtumia watu mara nyingi aje atoe ushahidi katika mambo ya wanawake, naye akikataa. "Mtafuteni mwingine," akiwaambia. "Mimi niliulizwa mara tatu, nikashindwa." Watu wakadhani ni unyenyekevu tu. Na sokoni, mchukuzi akipita na mzigo wa ngozi, wengine wote husogea pembeni na kuziba pua, yeye husimama akavuta pumzi. Pengine alimfuata mchukuzi yule mtaa mzima, mtu mzima na heshima zake, kwa sababu harufu ile ndiyo iliyomrudishia Rumaisa kidogo. Hakusujudu hata mara moja asimwombe Mola amwonyeshe uso wa mwenziwe kabla ya kufa. Hamu ya mtu uliyemdhulumu ni nzito kuliko hamu ya maiti, maana maiti hakungoji useme.

Ikapita miaka arobaini. Msafiri mmoja akamtajia bibi mshonaji wa viriba vya maji, katika mji wa mwendo wa siku tatu, jina lake Rumaisa. Lubaba akaondoka siku ileile.

Alimkuta ameketi barazani, ngozi mapajani na sindano mkononi. Lubaba akasimama mbele yake, na Rumaisa ndiye aliyeanza.

"Umezeeka, Lubaba."

"Dada yangu, nimekuja unisamehe. Aliyeumwagia ubao wako maji ni Jawhara. Nilimwona."

"Jawhara nilimjua tangu siku ile. Kwake sikutarajia kheri, kwa hiyo hakunivunja moyo. Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Lubaba akalia. "Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungesema kwa kulazimishwa. Nilitaka useme mwenyewe. Hata siku tuliyohama, njia nzima nilikuwa nikigeuka nyuma, nikidhani nitakuona unakuja." Akaiweka sindano chini. "Nimekaa na hamu nawe na hasira nawe miaka yote hii, mpaka sijui ipi ni ipi."

Lubaba akamsihi warudi pamoja, waishi pamoja chuoni. Rumaisa akatikisa kichwa.

"Nije nifanye nini chuoni? Sijasoma tangu siku ile. Naswali kwa sura chache nilizokuwa nazo. Haki yangu nimekusamehe, na Mungu shahidi. Lakini Bibi Atika alinihukumu kwa asilolijua, na wale wenzetu wakatoka na neno hilo wakaenda nalo majumbani kwao. Hilo si langu kulisamehe. Rudi ukalitoe pale ulipolificha."

Walikaa pamoja siku saba. Kisha Lubaba akarudi, na hawakuonana tena duniani.

Akawakusanya wenzao wa zamani waliokuwa hai, akawaeleza yote. Jawhara alikuwamo, akaapa kwamba hakumbuki kitu. Na tangu hapo kila msichana mpya aliyeingia chuoni alisimuliwa kisa hiki siku ya kwanza. Wanafunzi wakamwomba Lubaba walau aseme "msichana mmoja", astiri jina lake mwenyewe. Akakataa mpaka anakufa.

Basi fikirini. Rumaisa hakumlalamikia mtu. Jawhara alisahau. Kisa kimetufikia kwa ulimi wa yule yule aliyenyamaza, na ilimchukua miaka arobaini kutamka maneno ambayo Bibi Atika aliyangoja asubuhi moja.

Juzi, hapahapa, mwenzenu mmoja aliigizwa anavyotembea mpaka akalia. Walioigiza nitaonana nao. Nasema na nyinyi mliotazama. Mtaniambia hamkufanya kitu, nami naamini kwamba hamkufanya kitu. Mola azifungue ndimi zetu kabla hazijachelewa. Mtoto yule leo hajaja. Kwao si mbali, na bado hawajahama.