Kobe, Fisi na Kishikwambi cha Vitabu Elfu

— Hodi, wenye masikio.
— Karibu, mwenye mdomo. Umebeba nini?
— Nimebeba kisa.
— Kizito au chepesi?
— Chepesi kubeba, kizito kurudisha.
— Kitue basi, tukionje.

Nakitua, lakini kwanza nyamazeni huko nyuma, maana mmenichosha. Tangu asubuhi mnaniuliza swali moja: nibaki na vitabu vyangu vya karatasi, au nihamie kwenye kishikwambi, kile kibao cha kusomea kinachomeza vitabu vyote vya dunia? Huyu anasema karatasi, yule anasema kishikwambi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula. Haya, nitawajibu, lakini nitapitia kwa Fisi.

Hapo kale, si kale sana, maana watalii walikwishaanza kupita, palikuwa na jabali. Ndani ya jabali palikuwa na pango kavu. Ndani ya pango palikuwa na vitabu thelathini, vya zamani, vyenye majalada ya ngozi. Na mwenye kuvitunza alikuwa Bi Kobe.

Wanyama wote walikuja kwake kuazima. Nyumba ile ilikuwa na desturi mbili tu. Ya kwanza: kitabu hutoka kimoja kimoja, na hupewi cha pili mpaka usimame mlangoni, usimulie ulichokipata katika cha kwanza. Ya pili: msimuliaji hachekwi. Ulichokipata ndicho ulichokipata.

Kitabu cha thelathini kilikuwa cha Bi Kobe mwenyewe. Kilikuwa kitabu cha hadithi alichoachiwa na marehemu dada yake. Dada huyo alikuwa hasomi bila kalamu. Pembeni mwa kila ukurasa aliandika maneno yake. Akichukia aliandika, akifurahi aliandika. Bi Kobe akikifungua alikuwa anaketi na dada yake tena, wakisoma pamoja.

Kisha macho yakamtupa. Herufi zikawa siafu, siafu zikawa vumbi. Miaka mitatu Bi Kobe hakusoma hata mstari mmoja. Jirani yake Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe asiye na mkia, alikuwa akija kumsomea. Lakini Pimbi ni mama wa watoto wanne. Alisoma ukurasa, mtoto mmoja akalia. Akasoma nusu ukurasa, wawili wakapigana. Bi Kobe alikuwa akimwambia, "Nenda mwanangu, huo ukurasa mmoja umetosha, nakushukuru." Na haukutosha.

Basi siku moja Fisi alijilaza kichakani, akawasikia watalii wakisifia kishikwambi chao. Kina vitabu elfu moja, walisema, na chakula chake ni jua tu. Walipoondoka wakakisahau juu ya jiwe. Fisi akaenda, dugu, dugu, dugu, akakiokota. Kilikuwa kimevishwa kava la ngozi. Akakiuma katikati, kwacha! Jino likalia. Kigumu, hakina ladha. Akaramba kava. Ee, hapo pana ladha. Akafungua mdomo alile, akaufunga. Akakumbuka majalada thelathini kule jabalini, na tangu lini mvuvi akala chambo?

Akaramba mara ya pili, akajizuia. Akaramba mara ya tatu, akajizuia, machozi yakimtoka. Kisha akashika njia, dugu, dugu, dugu, hadi pangoni.

"Hodi, Bi Mkubwa."

"Karibu, Bwana Fisi. Leo kulikoni?"

"Nimesikia macho yanakusumbua, nikashindwa kulala. Hebu tazama hapa."

Akabonyeza kwa kucha. Herufi zikakua. Akabonyeza tena. Herufi zikawa kubwa kama maharage.

Bi Kobe akasogeza shingo. Akasoma neno moja. Akasoma la pili. Akasoma mstari mzima, mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe, na akalia pale pale mbele ya Fisi bila kuona haya.

"Vimo vitabu elfu moja," Fisi akasema. "Kichukue. Mimi nipe haya makaratasi yako yanayokujazia nyumba."

"Vyote chukua," Bi Kobe akasema. "Vyote, Bwana Fisi, na Mungu akubariki."

Furaha ina mdomo mwepesi. Alisema vyote, na Fisi akasikia vyote, na neno la Kobe likitoka halirudi ndani ya gamba.

"Ila desturi ya nyumba iko pale pale," Bi Kobe akaongeza. "Kimoja kimoja, na kusimulia mlangoni."

Fisi akakubali. Mwenye njaa hugombania sahani?

Siku ya kwanza akapewa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Akakibeba, dugu, dugu, dugu. Nyuma ya kichuguu akakaa. Tafu, tafu, tafu, jalada likaisha. Karatasi akazitema, tfu. Kesho yake akasimama mlangoni, wanyama wamekaa wanasikiliza.

"Simulia, Bwana Fisi," Bi Kobe akasema. "Umepata nini?"

Fisi akakohoa. "Mwanzo wake mkavu kidogo. Ukivumilia, katikati kuna chumvi. Mwisho wake mgumu, una uzi."

Wanyama wakatazamana. Digidigi akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hajawahi kusikia kitabu kikielezwa kwa undani namna hiyo. Na kwa kuwa msimuliaji hachekwi, hakuna aliyecheka. Fisi akapewa cha pili.

Cha pili kilikuwa cha safari za mbali. Dugu, dugu, dugu. Tafu, tafu, tafu. Tfu. Kesho yake, mlangoni.

"Umepata nini, Bwana Fisi?"

"Hiki kina moshi. Kimekaa karibu na jiko siku nyingi. Mhusika wake mkuu ni ng'ombe mzee."

Digidigi akasema ataomba akiazime baada yake. Nyie mnacheka. Wapo wasomaji wa hivyo hata leo, tena huitwa mikutanoni wakapewa kiti cha mbele.

Jana yake Pimbi alikuwa amemnyatia Fisi hadi nyuma ya kichuguu. Akaziokota karatasi za nyuki na karatasi za safari, zimelowa mate, akazipanga, akazishona kwa uzi wa mkonge. Akampelekea Bi Kobe.

"Mama, huyu hasomi. Anakula."

Bi Kobe akazipapasa zile karatasi zilizo uchi. "Nimetoa neno, mwanangu. Na desturi yetu haisemi mtu asome kwa macho au kwa meno."

"Na cha tatu amesema atakuja kukichukua kesho, kile cha dada yako. Jalada lake ndilo nene kuliko yote."

Bi Kobe akakigeukia kishikwambi. Alikuwa amemtafuta dada yake ndani ya kishikwambi siku mbili nzima. Hadithi aliikuta, ile ile, neno kwa neno, kwa herufi kubwa za kupendeza. Lakini pembeni mwa kila ukurasa palikuwa peupe. Hadithi imo, dada hamo.

"Nimemuuza dada yangu kwa ajili ya macho yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Na macho yangu nayapenda, Pimbi. Nikisema nirudishe hiki kitu, nitakuwa mwongo. Sitaki kurudi gizani."

"Nani kasema urudi?" Pimbi akasema. "Niazime hicho kishikwambi asubuhi, na mimi nikisema neno, wewe usilikatae."

Kesho yake Fisi akaja, dugu, dugu, dugu, mate yametangulia. Akamkuta Pimbi amekaa mlangoni, macho kayafumba, analiramba kava la kishikwambi. Chwi, chwi. "Hii swala," anasema. Chwi, chwi. "Hii mbuzi. Huyu mbuzi alinenepa huyu." Chwi, chwi.

"We Pimbi," Fisi akasema, "unafanya nini?"

Pimbi akashtuka, akakificha nyuma. "Hamna kitu, Bwana Fisi. Pita ndani, kitabu chako kinakungoja."

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Basi nami nikuulize. Ulisema humu mna vitabu elfu moja. Ni kweli, au ulimdanganya mama wa watu?"

"Kweli tupu," Fisi akasema, maana angesema nini?

"Na kila kitabu kina jalada lake?"

"Kina."

"Majalada yenyewe yako wapi? Ukifungua, huyaoni."

Fisi akakuna kichwa.

"Yamebanwa," Pimbi akanong'ona. "Elfu moja, yamegandamizwa yakawa kava hili moja. Nimeramba tangu alfajiri, nimefika la kumi na tisa tu. Ila usimwambie mtu."

Fisi akahesabu. Thelathini huku, elfu kule. Akajipiga kofi. Alikuwa na elfu moja mdomoni mwake mwenyewe, na akayaachia kwa thelathini.

"Nimeghairi," akanguruma. "Nipeni changu, bakini na makaratasi yenu."

"Bwana Fisi, tulikubaliana," Pimbi akasema. "Mama, mwambie."

Bi Kobe akatoa shingo nje. Alikuwa amefundishwa asikatae, hakukataa. "Akitaka kughairi mwenyewe, mimi simshiki."

Pimbi akavua kava polepole, huku akiugua, akampa. Halafu akamsukumia na kishikwambi chenyewe. "Haya, na hili kokwa lake libebe. Zito, gumu, halina ladha. Usituachie takataka hapa."

Fisi akakumbuka jino lake. "Mimi nibebe kokwa? Nani anakula embe akabeba kokwa?"

"Bwana Fisi, tafadhali, nyumba ya mama ni ndogo."

"Libakie hapo hapo," Fisi akasema, akalitupa, na likaangukia miguuni pa Bi Kobe, to, bila hata mkwaruzo.

"Tumemalizana?" Pimbi akauliza.

"Tumemalizana. Nikimaliza hili nitarudi kuazima kile kinene."

"Karibu sana. Desturi unaijua. Utasimama mlangoni, utasimulia majalada yote elfu, moja moja, ladha yake na nyama yake. Kwa hiyo usimeze haraka. Tafuna mpaka uyaone yote."

Fisi akaondoka anatafuna. Tafu, tafu, tafu. Akaonja ng'ombe. Tafu, tafu, tafu. Bado ng'ombe. Jua likazama, ng'ombe. Mwaka ukapita, ng'ombe yule yule. Mpaka leo yuko kwenye jalada la kwanza, na ndiyo maana taya za Fisi zina nguvu kuliko za mnyama yeyote. Wakati mwingine mtamsikia kwa mbali anacheka. Hacheki, masikini. Anafanya mazoezi ya kusimulia.

Na pangoni je?

Asubuhi, jua likishakilisha kishikwambi, Bi Kobe hukiweka mkono wa kulia na kusoma hadithi kwa herufi kubwa kama maharage. Kitabu cha dada yake hukiweka mkono wa kushoto, kimefunguliwa ukurasa ule ule. Pimbi akipita na watoto wake husimama kidogo tu. Kurasa hawezi, lakini maneno mawili matatu ya pembeni anaweza, hata mtoto akilia.

"Hapa kaandika nini?" Bi Kobe huuliza.

"Kaandika, 'Huyu bwana harusi simwamini.'"

Bi Kobe hucheka mpaka gamba likatikisika. "Na mimi pia simwamini. Alikuwa na akili, dada yangu."

Halafu husema, kila siku, kabla ya kufungua ukurasa mwingine: "Ahsante, Pimbi. Ahsante, Bwana Fisi."

Mwanzoni Pimbi alikasirika. "Unamshukuru mlafi yule?"

"Aliniletea macho, mwanangu. Njaa iliyomleta ni shauri lake. Nikikaa kumchukia nitasoma saa ngapi?"

Pimbi akafikiri. Akasema naye, kwa shingo upande, ahsante Bwana Fisi. Alipolisema mara ya tatu akaona halina uchungu.

— Kisa nimekitua.
— Tumekionja.
— Kina chumvi?
— Kinayo, hadi kwenye uzi. Na fundisho lake?

Fundisho lake ni lile la wahenga: mshika mbili, moja humponyoka. Kwa hiyo msiniulize tena. Chagueni kimoja leo leo, karatasi au kishikwambi, na kingine mkitupe mbali. Wahenga wamesema, na mimi nani niwabishie. Ningemwita Bi Kobe aje awathibitishie, lakini saa hizi hawezi kunyanyuka. Mikono yake yote miwili ina kazi.