Unyayo wa Babu Yake Kifaru

Nani alichimba bahari? Haya, jibu upesi!

Hujui. Hata mimi sijui. Lakini hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na umbea wao, Kifaru alijua.

Alishuka kutoka bara, akaiona ghuba ya Mtondoo: maji ya kijani, mchanga mweupe, watoto wa kima wakijitosa, chubwi! chubwi! Akaipenda. Siku ya tatu akajilaza katikati ya njia iendayo majini.

"Ghuba hii ni yetu," alisema. "Aliichimba babu yangu. Ushahidi ni unyayo wake, ule pale mwambani. Kuanzia leo haogi mtu."

Kweli, juu ya mwamba palikuwa na unyayo mkubwa wa vidole vitatu. Wanyama wakautazama, wakaguna. Nani abishane na pembe?

Shida ni kwamba kesho yake ilikuwa Siku ya Mwaka. Siku hiyo pwani nzima huoga baharini kuondoa mikosi. Asiyeoga huingia mwaka mpya na nuksi zake za zamani.

Kukapambazuka. Wanyama wamesimama na kanga mabegani, Kifaru amelala njiani. Bi Kaa, asiyefika hata ukucha wa Kifaru, akatoka shimoni, tiki-tiki-tiki.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Haogi mtu."

"Sikuja kuoga, mimi naishi humu humu. Nimekuja kukupa hongera. Ukoo wa Nyangumi umemtafuta babu yako miaka na miaka!"

Kifaru akatunisha kifua. "Wamshukuru?"

"Wamshukuru? Bibi yao alikwama humu maji yalipokupwa, akakauka juani kama samaki ng'onda. Wakaapa: aliyechimba ghuba yenye kina kifupi namna hii, tukimpata yeye au mjukuu wake, tutamlalia."

"Wata... nini?"

"Watakulalia. Wote saba. Nimeshawapelekea habari kwamba umepatikana."

Kifaru akacheka, he! he! Lakini mkia ulikuwa umesimama wima. "Hapa hakuna nyangumi."

"Wewe si ndiye mwenyeji? Sikiliza."

Bi Kaa alijua jambo ambalo kila mtoto aliyezaliwa Mtondoo analijua: chini ya mwamba mna pango, na maji yakijaa, pango hupumua kupitia tundu la juu, likirusha maji kama nyangumi. Na maji yalikuwa yanajaa.

Vuuuu... PWAAA! Maji yakaruka juu kupita minazi.

"Huyo ni wa kwanza," alisema Bi Kaa. "Ndiye mpole wao."

Watoto wa kima wakauma midomo wasicheke.

Vuuuu... PWAAA!

Kifaru akaruka kando, njia ikabaki wazi. Chubwi! Chubwi! Watoto wakapita nyuma yake, wala hakuwaona.

"Bi Kaa, dada yangu, waambie mimi si mjukuu!"

"Na unyayo je?"

"Unyayo..." akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, bwana. Nyangumi wana maji masikioni."

"Unyayo nimeuchonga mimi!" Kifaru alinguruma, pwani nzima ikasikia. "Juzi! Kwa pembe hii hii! Babu yangu hakuwahi hata kuiona bahari!"

Ukijitia mwenyeji, ujue kwanza pango linavyopumua.