Nafasi Moja ya Saini

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana mashine za kupima sukari zilishaingia majumbani, aliishi Bi Mwanakombo, mshonaji wa kofia mwenye kisukari. Bima yake ilimpa mashine bure. Vijiti vya kupimia? Kumi tu kwa mwezi. Na fomu yao je? Ilitaka apime mara tatu kila siku na kuandika namba, la sivyo wanamkatia insulini. Hebu niambieni, mashine bila kijiti ni nini kama si pambo la kabatini?

Vijiti vikaisha. Bi Mwanakombo akaenda zahanati kwa nesi Tausi.

"Mwanangu, nijaze nini humu?"

"Bibi, rudia zilezile za wiki iliyopita. Wasije wakakukatia dawa."

Akaandika. Kumbe wiki ile alikuwa na homa, na homa ilipandisha sukari. Daktari Lugendo wa zahanati ileile akaona kwenye fomu namba kubwa siku baada ya siku. Hakuuliza, hakupima, akaongeza insulini. Bi Mwanakombo akajidunga kama alivyoambiwa. Sukari ikashuka mno, akazirai jikoni, mkono wake wa kulia ukaangukia makaa.

Bima wakalinganisha namba na vijiti walivyotoa, wakaja juu: namba za uongo! Wakasimamisha insulini mpaka aliyekosa asaini barua ya kukiri. Nafasi ya saini ilikuwa moja tu.

Wakakutana zahanati.

"Nisaini mimi," alisema nesi Tausi. "Uongo nilimfundisha mimi."

"Mimi," alisema daktari. "Nilitibu karatasi, sikumtibu mtu."

Bwana Kisamo wa bima akatazama saa yake. "Mimi nafuata fomu. Namba kaandika nani? Basi asaini huyo."

Bi Mwanakombo alipandwa na hasira. Akainua mkono wenye bandeji.

"Niliandika mimi, kwa mkono huu. Lakini fomu inayodai namba na kuninyima vijiti, nayo iliandikwa na mkono wa mtu. Huo mbona haukuungua?"

Kisamo akasukuma kalamu katikati ya meza.

Nesi akisaini, kazi hana. Daktari akisaini, atafukuzwa, na zahanati haina mwingine. Bi Mwanakombo akisaini, amekubali kuitwa mwongo. Kisamo hasaini ng'o. Na insulini iliyobaki ni ya siku moja.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msiangalie chini. Je, nani alistahili kuishika ile kalamu?