Lango Lenye Masikio

Nisikilizeni, mlioshiba nanyi mnaongoja chungu. Lango la mji mmoja lilikuwa na masikio. Kila alfajiri Bi Salungo alilisimulia: "Tulifika hapa na njaa, tukapewa uji." Nalo likawafungukia wageni.

Mfalme akanuna. "Bibi, sema tuliota hapa kama uyoga. Ndiyo heshima." Akampa kanga. Bi Salungo akasema hivyo mara moja, mara mbili, mara tatu. Lango likaanza kuwauliza wageni: "Mliota humu?" Watoto wao walipolia nje ya lango lililofungwa, Bi Salungo alijifunika kanga masikioni.

Siku moja alitoka kuokota kuni. Aliporudi, akagonga.

"Uliota humu?"

"Nilikudanganya, mwanangu! Tulifika na njaa, tukapewa uji!"

"Pole, bibi. Hiyo ni hadithi ya wageni."

Yangu nayo imebaki nje, pamoja naye.