Ngao ya Kifunguamimba

Sogeeni, wenye masikio. Tumesogea.

Alikuwako Mshangama, kifunguamimba, aliyerithishwa ngao ya baba yake alinde kisima, maana zimwi lilitaka kukikausha. Ngao ile, mtu akishaishika, haibanduki mkononi maadamu anajua anachopigania. Mdogo wake Shekue hakurithi kitu, akaenda zake kujifunza zeze.

Zimwi likaja Mshangama akiwa kijana.

“Unapigania nini?”

“Baba kanituma.”

Wakapigana, likakimbia.

Likaja tena Mshangama akiwa na watoto.

“Unapigania nini?”

“Watu wangu wanywe.”

Wakapigana, likakimbia.

Shekue akarudi na mvi na zeze lake, kijiji kizima kikacheza. Mshangama alimsikilizia kule kisimani, wivu umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Zimwi likaja mara ya tatu, nalo limezeeka.

“Unapigania nini?”

“Sijui tena,” Mshangama akasema. “Namwonea wivu mdogo wangu.”

Ngao ikabanduka, ikaanguka. Zimwi likaitazama, kisha likatazama rungu lake lenyewe, nalo lililogandia kiganjani tangu ujana.

“Hata mimi nina mdogo wangu,” likasema, na rungu likaanguka.

Jioni ile wazee hao wawili waliketi mbele ya Shekue, vidole vigumu kama kuni, wakigombania zeze moja.